Sura ya 6: Anayekoroma Hajisikii

Nyumba nyingi za Mbugangari, mtaa wetu hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, zimesogeleana kiasi kwamba ukuta mmoja unahudumia familia mbili. Usiku ukiingia, soko likanyamaza, pikipiki zikapungua na waliovuka Petite Barrière kwenda Goma wakawa wamesharudi makwao, kila mpangaji anamjua anayekoroma upande wa pili. Asubuhi watamtania. Yeye atacheka nao, kisha atakana, na hatakuwa anadanganya. Katika magonjwa yote yaliyomo kitabuni humu, huu ndio pekee ambao mwenye nao hayupo unapotokea. Amelala. Anayeuona ni mke, ni mume, ni mtoto wa chumba cha pili, ni jirani wa ukutani.

Kwa hiyo sura hii ina wasomaji wawili, anayekoroma na anayemsikia. Nikilazimishwa kuchagua mmoja, nitamchagua wa pili, kwa sababu bila yeye daktari hana pa kuanzia.

Madaktari wanauita ugonjwa wenyewe apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Ili kuuelewa inabidi tuingie kooni. Pua imejengwa kwa mfupa. Bomba la hewa linaloshuka mapafuni lina pete za gegedu zinazolizuia kujikunja. Kati ya viwili hivyo, nyuma ya ulimi na kaakaa laini, pana kipande cha njia kilichozungukwa na nyama tupu. Mchana misuli inakishika wazi bila sisi kuifikiria. Tukilala misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inakuwa nyembamba. Hewa ikipita pembamba inazitikisa nyama za kaakaa, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Mkoromo peke yake si ugonjwa. Wengi wanakoroma maisha yao yote na hawapungukiwi kitu isipokuwa heshima ya majirani.

Kwa wengine njia haiwi nyembamba tu, inafunga. Kifua kinaendelea kuvuta, tumbo linapanda na kushuka, ila hewa haiingii. Oksijeni inashuka katika damu, kaboni dioksidi inajikusanya. Zinapita sekunde 10, 20, 40, na kwa baadhi ya watu dakika nzima. Hatimaye ubongo unashtuka na kumwamsha mwenye koo, kidogo tu, kiasi cha misuli kukaza tena. Hapo unatoka ule mkoromo wa kukoroga, mwili unajigeuza, pumzi inarudi, usingizi unaendelea. Mwamko huo ni wa sekunde chache na haubaki kwenye kumbukumbu. Dakika mbili baadaye koo linafunga tena.

Basi, wewe unayesikiliza, usibabaishwe na kelele. Sikiliza pale kelele zinapokatika. Mkoromo unaopanda, unaopanda tena, kisha kimya, kisha mshtuko kama wa mtu aliyeibuka majini: hiyo ndiyo dalili yenyewe. Wanawake wengi wanaifahamu miaka mingi kabla ya daktari. Wameshazoea kunyoosha mkono gizani na kumtikisa mtu. “Baba watoto, geuka. Ulikuwa umeacha kupumua.” Naye anageuka, anaguna, na asubuhi anaapa kwamba alilala fofofo.

Hesabu inayotumika hospitalini ni rahisi: pumzi inakatika au kupungua sana mara ngapi kwa saa, na kila tukio lihesabiwe likifika angalau sekunde 10. Chini ya mara 5 hakuna neno. Kuanzia 5 hadi 15 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 30 wa kati, zaidi ya 30 ni mkali. Mwenye 30 anakatizwa kila baada ya dakika mbili, kwa hiyo usiku wa saa nane unakuwa na mikatizo 240. Halafu tunamshangaa kwa kusinzia kwenye hotuba ya Ijumaa.

Kila koo linapofunga, mwili unajibu kama unaokabwa na adui. Homoni za hofu zinamwagika, moyo unaenda mbio, presha inapanda, na baada ya miezi na miaka presha hiyo inakataa kushuka hata mchana. Mtu anayemeza dawa tatu za presha kwa uaminifu na presha haishuki anastahili kuulizwa anavyolala. Asubuhi kichwa kinamuuma. Kinywa kimekauka. Na jambo linalowashangaza wengi: usiku anaamka mara tatu, mara nne, kwenda kukojoa. Anadhani ni kisukari au tezi dume, na ni haki achunguzwe vyote viwili, lakini apnia nayo inaleta hali hiyo. Kifua kinapovuta dhidi ya koo lililofungwa, damu nyingi inajaa moyoni, moyo unadhani mwili umezidiwa na maji, unatoa homoni inayoziamuru figo zipunguze. Figo zinatii. Mgonjwa anaikuta njia ya choo gizani, na tezi yake haina kosa.

Kuna anayeamka ghafla amekabwa, jasho limemtoka, na familia inasema ni jinamizi. Tutenganishe. Jinamizi la kawaida humkuta mtu akiwa macho ila mwili hausogei. Anaona chumba, anasikia sauti, hawezi kunyanyua kidole. Pumzi yake inapita. Mwenye apnia anaamka huku anatweta na mwili wake unasogea vizuri, anaketi, anashika koo. Sisemi aliyezoea kusomewa dua asisomewe. Nasema asomewe, kisha apimwe.

Na kuna wasiolala kabisa, ambao shida yao ni nyingine. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vya Goma viliporusha risasi na makombora hadi upande huu wa Rubavu, wengi hapa hawakufumba jicho, na baadhi yao hadi leo wanashtuka mlango ukigongwa. Huo ni usingizi unaokataa kuja. Apnia ni kinyume chake: usingizi unakuja upesi mno, kwenye kiti, kwenye foleni, katikati ya mazungumzo, lakini haushibishi.

Nani anapatwa? Picha iliyozoeleka ni ya mzee mnene mwenye shingo fupi, na si picha ya uongo. Mafuta yanayojaa shingoni na ndani ya ulimi yanaibana njia. Kwetu tumbo bado linasifiwa, linasomwa kama risiti ya biashara inayokwenda vizuri, na mkoromo wa mwenye tumbo unachukuliwa kuwa ni wa mtu aliyeridhika. Lakini wembamba pia wanaugua, hasa wenye taya dogo la chini lililorudi nyuma, kwa kuwa ulimi wao hauna pa kukaa. Wanawake wanaugua, zaidi baada ya hedhi kukoma, na mara nyingi hawalalamikii usingizi wa mchana. Wanalalamikia uchovu, kichwa, kukosa raha. Mama anayeamka kabla ya alfajiri kuwahi mpaka na kapu la mboga, akasema anachoka, nani atamuuliza kama anakoroma? Zaidi ya hayo, aibu inamzuia mumewe kulisema hilo mbele ya daktari, wakati yeye mke angesema la mumewe bila kusita.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye apnia duniani wanakaribia milioni 936. Ni namba ya kutisha, na binafsi naipokea kwa tahadhari. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti walipowapima watu wa kawaida wa miaka 40 na kuendelea, na matokeo yakatoka mwaka 2015, karibu nusu ya wanaume na karibu robo ya wanawake walivuka mara 15 kwa saa. Si wote waliokuwa na malalamiko. Namba bila dalili haitoshi kumtia mtu kwenye mashine maisha yake yote. Daktari mzuri ataiweka namba kando ya usingizi wa mchana, presha, moyo na kazi unayofanya.

Kazi, ndiyo. Mtaa huu unaishi kwa magurudumu. Motari anayebeba abiria tangu asubuhi hadi usiku, dereva wa basi la Kigali, dereva wa lori la mafuta aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam na sasa anasubiri kuvuka Grande Barrière kuingia Goma. Kutoka Rubavu hadi Kigali ni kilomita zipatazo 150, na sehemu kubwa ni kona za milimani. Anayesinzia sekunde tatu pale Buranga hana nafasi ya kusahihisha. Tarehe 1 Desemba 2013, katika eneo la Bronx jijini New York, treni ya abiria iliingia kwenye kona ya kilomita 48 kwa saa ikiwa na mwendo wa kilomita 132. Watu 4 walikufa. Mwendeshaji hakuwa amelewa wala hakuwa kwenye simu. Alisinzia. Uchunguzi ulikuta ana apnia kali ambayo hakuna aliyewahi kuigundua, na kwamba wiki mbili kabla zamu yake ilikuwa imebadilishwa kutoka jioni kwenda alfajiri. Kwetu ajali ya namna hiyo huandikwa uzembe, au mwendo kasi, na faili linafungwa.

Historia ya ugonjwa wenyewe nitaipitia haraka. Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, alimwandika mwaka 1836 kijana mnene aliyelala akiwa amesimama, na mwaka 1956 madaktari wa Marekani walichukua jina la kitabu chenye kijana huyo, Pickwick, wakawapa wagonjwa wanene wenye usingizi. Walidhani usingizi unatokana na unene na hewa chafu katika damu. Mwaka 1965 ndipo watafiti wa Marseille, Ufaransa, na wengine wa Freiburg, Ujerumani, kila kundi peke yake, walipowapima wagonjwa hao usiku na kukuta kwamba pumzi inakatika. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakauweka ugonjwa kwenye ramani kwa jina unaloitwa leo, na wakaonyesha kwamba hata wasio wanene wanao. Ni ugonjwa wa zamani uliochelewa kuonekana kwa sababu ile ile tuliyoanza nayo: madaktari hufanya kazi mchana.

Sasa turudi Mbugangari, tuone mtu anaweza kujua nini bila kupanda basi. Anaweza kujua mengi. Mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto walitunga maswali manane ambayo leo yanatumika duniani kote. Je, unakoroma kwa sauti inayopita mlango uliofungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyeona pumzi yako ikikatika? Una presha? Uzito wako umezidi sana urefu wako? Umepita miaka 50? Mzunguko wa shingo umezidi sentimita 40? Ni mwanamume? Majibu ya ndiyo yakiwa mawili au pungufu, hatari ni ndogo. Matatu au manne, ya kati. Matano na zaidi, kubwa. Tazama vifaa vinavyohitajika: utepe wa fundi cherehani, kipimo cha presha na mizani ambavyo kituo cha afya kinavyo, na mtu mmoja aliyekesha. Swali la tatu huwezi kulijibu mwenyewe, na ndilo zito kuliko mengine.

Ongeza simu. Mwache mwenzako arekodi nusu saa, si mwanzo wa usiku tu bali na kwenye saa tisa au saa kumi, wakati ndoto ni nyingi na misuli imelegea zaidi. Daktari akisikia kile kimya na ule mshtuko hahitaji maelezo marefu. Kuna pia maswali ya Epworth, yaliyotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, yanayouliza uwezekano wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, kuna jambo. Nayapenda, lakini yametungwa na watu wanaolala saa za kutosha. Kusinzia ndani ya basi kwa mama aliyeamka saa tisa za usiku hakuthibitishi chochote isipokuwa kwamba aliamka saa tisa za usiku.

Tahadhari nyingine inahusu kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni, kilichosambaa sana wakati wa Korona. Kukivaa usiku kunaweza kuonyesha oksijeni ikishuka na kupanda, kushuka na kupanda, na mchoro huo ni ushahidi mzuri. Ila Desemba 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilificha upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwanga wake unapita kwenye ngozi, na waliokitengeneza hawakukijaribu kwenye ngozi yetu vya kutosha. Kwa hiyo kikikuonyesha matatizo, kiamini. Kikikuambia uko salama na mkeo anasema hapana, mwamini mkeo.

Kutoka hapo njia ni ile ya kawaida: kituo cha afya, kisha hospitali ya Gisenyi, kisha rufaa kwenda Kigali. Kipimo kamili kinafanywa kwa kulala usiku mmoja umefungwa nyaya kichwani, kifuani, miguuni na puani, zikipima mawimbi ya ubongo, moyo, pumzi na oksijeni. Kipo pia kipimo kifupi cha kulalia nyumbani, mkanda kifuani, mrija mdogo puani na kifaa kidoleni, nacho kwa mtu mwenye dalili za wazi kinatosha. Uliza mapema mituweli au bima yako inalipa sehemu gani, na uliza kabla hujapanda basi.

Niseme kidogo kuhusu aina ya pili, adimu, kwa sababu milima yetu inaifundisha vizuri. Katika aina hii koo liko wazi ila ubongo unaacha kutoa amri ya kupumua. Kifua kinatulia, tumbo linatulia, hakuna mvutano. Wenye moyo uliochoka wanaipata, na wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Lakini mtu mzima mwenye afya naye anaweza kuionja kwa usiku mmoja. Wapandaji wa Karisimbi, mlima wa mita 4,507, hulala kambini kwenye mita zipatazo 3,700. Huko juu hewa ni nyepesi, mtu anapumua haraka, anatoa kaboni dioksidi nyingi mno, na kwa kuwa ubongo unaitumia gesi hiyo kama ishara ya kuvuta pumzi, ishara ikipungua unasubiri. Pumzi zinakwenda mbio, zinakoma, zinarudi. Anayelala naye hemani anaogopa. Akishuka, yanaisha. Hapa kando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460, si kimo cha kukuletea hayo; ukikatika pumzi Mbugangari usiulaumu mlima.

Watoto nao wanakoroma, na kwao chanzo kikubwa ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Mtoto wa namna hii analala kinywa wazi, kichwa amekirudisha nyuma, anakojoa kitandani wakati umri umepita, na mchana hasinzii kama mtu mzima bali anahangaika, anagombana, hasikii darasani. Anachapwa kwa utundu wakati anahitaji hewa. Upasuaji wa kuondoa mafindofindo mara nyingi unamaliza tatizo.

Hapa lazima nitaje kisu kingine. Huku kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wapo wanaokata watoto kimeo. Wanyarwanda husema guca ibirimi. Kikohozi kisichoisha, kutapika, kukataa kunyonya, kukoroma, vyote vinalaumiwa kimeo, na mganga anakikata kwa kifaa ambacho hakuna anayejua kimepita kwa nani. Watoto wamevuja damu hadi kufa, wengine wamepata pepopunda au sumu ya damu. Na apnia haiponi, kwa sababu kimeo ni kipande kidogo mno cha habari. Koo linafunga kwenye ulimi, kwenye kaakaa, kwenye kuta za pembeni. Hata hospitali zenyewe zililipitia somo hili. Mwaka 1981 Shiro Fujita, mpasuaji wa Detroit, alichapisha upasuaji wa kukata kimeo pamoja na sehemu ya kaakaa na mafindofindo. Ulienea haraka. Leo tunajua unawasaidia baadhi tu, mara nyingi nusu nusu, na mkoromo unaweza kupotea huku apnia ikibaki, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu limemziba mdomo shahidi.

Mwaka huo huo wa 1981 ilichapishwa tiba iliyobadili kila kitu. Kabla yake, mwenye apnia kali alitobolewa tundu shingoni, apumulie chini ya kizuizi. Ilifanya kazi, na ilikuwa adhabu. Colin Sullivan, daktari wa Sydney, alikuwa amefanya utafiti wa pumzi kwa mbwa na kuwatengenezea barakoa za pua. Juni 1980 alipata mgonjwa aliyekuwa akingojea kutobolewa shingo, akakubali kujaribu kitu kingine. Sullivan alichukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, akaunganisha bomba na barakoa aliyoigandisha puani kwa gundi. Hewa iliposukumwa kwa shinikizo la kutosha, koo lilibaki wazi. Akipunguza, linafunga; akiongeza, linafunguka. Mgonjwa alilala usiku kucha na kuamka mtu mwingine.

Ndiyo mashine ya CPAP ya leo, imepungua ukubwa na kelele. Haikupi oksijeni ya ziada, kama wengi wanavyodhani wakiiona. Ni hewa ile ile ya chumbani, iliyosukumwa kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji, inayosimama kooni mahali pa mfupa ambao haupo. Haiponyi, ukiivua usiku wa leo, apnia inarudi usiku wa leo. Joe Biden akiwa rais wa Marekani alionekana Juni 2023 na alama za mikanda usoni, na ikulu ikakiri kwamba analala nayo. Nakitaja kisa hicho kwa ajili ya wanaume wanaoona haya kuvaa barakoa mbele ya wake zao.

Je, inaongeza maisha? Tuwe wakweli. Usingizi wa mchana inaupunguza, presha inashusha kidogo, ajali inapunguza. Lakini utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2016, wa watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au kiharusi, haukuonyesha kwamba inazuia mshtuko wa moyo au kiharusi kipya. Wengine wanajibu kwamba washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hoja hiyo ina uzito. Kwa vyovyote, mashine iliyowekwa juu ya kabati haijawahi kumsaidia mtu. Wiki za kwanza ni ngumu: pua inakauka, barakoa inavuja, mtu anahisi amefungwa. Anza kwa kuivaa mchana ukiwa macho, ukisikiliza redio. Barakoa isiyokutosha ibadilishwe, usiikaze hadi ikuchane.

Kisha kuna umeme. Mashine nyingi zisizotumia kipashio, yaani kile kisanduku cha maji ya vuguvugu kinachoipa hewa unyevu, hula umeme kidogo, na zipo zinazofanya kazi kwa betri ya volti 12 kama ya gari. Cash Power ikikuishia saa nane za usiku, hewa inakatika nawe unaamka. Nunua umeme mapema, na kama uwezo upo weka betri. Maji ya kipashio yawe safi yaliyochemshwa na kupoa kama ya kiwandani hayapatikani. Chujio lioshwe au libadilishwe mara kwa mara, maana mtaa huu una vumbi.

La kuangalia zaidi ni mashine za kuletewa. Ndugu aliye Ubelgiji au Kanada anakuta mashine iliyotumika, bei nafuu, anaituma kwa mapenzi. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji lililowekwa ndani kupunguza kelele lilikuwa linachakaa na chembe zake zingeweza kuvutwa mapafuni. Mashine za namna hiyo bado zinazunguka mikononi mwa watu. Kabla ya kuvaa ya mtumba, soma jina na namba yake, uulize kama ni miongoni mwa zilizorudishwa. Na usiivae bila kupimwa: shinikizo lililomfaa marehemu mjomba wa mtu huko Brussels halijui koo lako.

Asiyeweza mashine ana njia nyingine. Daktari wa meno aliyesomea kazi hiyo anaweza kutengeneza kifaa cha kinywani kinachosukuma taya la chini mbele, na kwa apnia ndogo au ya kati kinafaa sana. Wengine wanakatika pumzi wakilala chali tu; washonee mpira mdogo mgongoni mwa fulana, watalala ubavu wapende wasipende. Uzito ni dawa ya kweli: utafiti wa Wisconsin wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba aliyepunguza asilimia 10 ya uzito wake alipunguza mikatizo kwa karibu asilimia 26, na aliyeongeza asilimia 10 aliiongeza kwa asilimia 32. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito, kuwa dawa ya kwanza ya apnia kwa wanene. Tangu 2014 kipo pia kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuushtua mshipa wa fahamu wa ulimi kila pumzi. Bei ya vyote viwili inavitoa kwenye mazungumzo ya mtaani kwetu kwa sasa.

Lipo moja linalochekesha. Mwaka 2006 watafiti wa Zurich walichukua wagonjwa 25, wakawafundisha 14 kati yao kupuliza didgeridoo, baragumu refu la wenyeji wa Australia, na waliopuliza walipunguza usingizi wa mchana na mikatizo, kwa kuwa misuli ya koo iliimarika. Amakondera, baragumu zetu za Rwanda, hayajapimwa, lakini ningependa ayapime mtu.

Bia iweke mbali na saa ya kulala. Kiwanda cha Bralirwa kiko hapa Gisenyi tangu miaka ya 1950, na sihitaji kueleza Primus ni nini. Pombe inalegeza koo kuliko usingizi wenyewe, na asiyekatika pumzi siku za kawaida anaweza kukatika usiku wa harusi. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa dukani bila cheti ni hatari zaidi, diazepamu ikiwemo. Mtu anaamka amechoka, anadhani hakulala, anameza kidonge, koo linalegea zaidi na ubongo unachelewa kushtuka. Na mwenye apnia, au mwenye kushukiwa tu, akipangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, amwambie mtaalamu wa nusu kaputi kabla ya siku yenyewe. Dawa za kulaza na za maumivu zinafunga koo kama usingizi, saa za kwanza baada ya upasuaji ndizo za hatari, na atahitaji kuangaliwa oksijeni usiku huo. Kama ana mashine, aende nayo wodini. Kama hana, aende na anayelala naye, aeleze mwenyewe alichokisikia.